Jivu la Yoeli

Maharage yalikataa kuiva. Naisiae aliyateleka asubuhi ng'ombe wakiwa bado zizini, na ng'ombe walipopita tena mbele ya jiko jioni, wakirudi na vumbi lao, maharage yalikuwa yakigongana chunguni kama kokoto. Aliongeza maji. Aliongeza magadi mpaka mchuzi ukabadilika rangi. Alibadilisha hata kuni, ingawa kuni hazikuwa na kosa lolote. Lakini kilichomsumbua zaidi ni harufu. Maji yalikuwa tele, yanachemka vizuri tu, na bado jiko zima lilinuka kitu kilichoungua.

"Mama, hebu njoo unuse," alimwita mama mkwe wake.

Nasieku aliinama juu ya chungu, akavuta pumzi, akarudi nyuma haraka.

"Umeunguza."

"Sijaunguza, mama. Angalia maji yalivyojaa."

"Basi ni kuni zako. Pakua, watu wale."

Nasieku akishasema amesema. Katika boma lile la Oldonyo Sambu chakula hakimwagwi, kwa hiyo wakala, kila mtu akitafuna polepole kwa kuogopea meno yake. Aliyefurahi ni Nice peke yake, binti wa Naisiae, mtoto ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule na bado anadhani kila kitu ni mchezo. Aliyatafuna maharage yale kama karanga. Alimaliza yake, akavuta na sahani ya mama yake, na Naisiae akamwachia, maana mama gani anamnyima mtoto chakula?

Hapo ningependa kusema kwamba hawakujua. Lakini walijua, wote wawili, mkwe na mama mkwe, na ndiyo maana hakuna aliyemtazama mwenzake usoni jioni ile.

Nasieku alikuwa na watoto wawili wa kiume. Lesian, mume wa Naisiae, alikuwa fundi ujenzi kule Elerai na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Mkubwa wake, Yoeli, alikwenda Ujerumani kutunza wazee, akaoa huko huko muuguzi wa Kichaga kutoka Rombo aitwaye Evaresta. Yoeli alichechemea mguu wa kushoto tangu utotoni, dume la ng'ombe lilimkanyaga, na alikuwa na tabia zake. Wakati mdogo wake alikuwa akisema "mama" kama watu wa mjini, yeye alimwita mama yake "yeyo", kwa Kimaa, kama watoto wa zamani. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, na akishamaliza na mama yake aliomba apewe Naisiae.

"Shemeji, kuna chai?"

"Ipo. Njoo unywe."

Mtu yuko Ulaya anaomba chai Oldonyo Sambu! Walicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kisha moyo wake ulisimama ghafla, kazini, katika miezi ya baridi ya huko. Evaresta alipiga simu akilia, akasema atamleta. Boma likajaa watu. Turubai likafungwa, ng'ombe akachinjwa, na kaburi likachimbwa karibu na la baba yake, upande wa lango la zizi, mahali pa heshima. Watu wakakaa wakisubiri gari la jeneza. Lilikuja gari dogo tu, akashuka Reginald, kaka yake Evaresta, ameshika kwa mikono miwili kopo jeusi la bati, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Jeneza liko nyuma?"

Reginald alitazama chini. Dada yake alikuwa ameshindwa kusema kwenye simu, akashindwa na kuja mwenyewe, akamwachia yeye mzigo wote.

"Mama, ndiye huyu."

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Nitaeleza yaliyosemwa baadaye chini ya turubai, maana ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Saning'o, jirani mwenye majibu ya kila swali, alisema Wazungu hawachomi mtu mmoja mmoja, ni kazi bure. Wanachoma wengi kwa pamoja, halafu wanawagawia ndugu kwa upawa. "Huyo mliyeletewa anaweza kuwa bibi kizee wa Kizungu," alisema, mdomo umejaa nyama. Mwingine akasema hilo si jivu la mtu hata kidogo, ni jivu la mbao za jeneza, mtu mwenyewe anaondoka na moshi. Mwanamke mmoja akaapa kwamba maiti ikiingizwa motoni huinuka ikakaa, ikaomba maji. Na wengi waliuliza swali moja kwa kunong'ona: siku ya mwisho makaburi yakifunguka, huyu atatokea wapi? Mchungaji Thomasi, kijana mzuri lakini mwoga, aliulizwa hilo swali mbele za watu akajibu, "Ngoja niwaulize wakubwa zangu." Mpaka leo anauliza.

Nasieku alisikiliza yote. Hakulia. Alisimama, akasema, "Mwanangu amekwenda na moshi. Mimi siziki mgeni kwenye lango la ng'ombe wangu." Kaburi likafukiwa tupu. Kopo likawekwa ghalani nyuma ya majembe, na jina la Yoeli halikutajwa tena.

Wakavuna maharage. Kila mwaka huyachanganya na jivu la jikoni kabla ya kuyaweka kwenye pipa, yasibunguliwe na wadudu, na mwaka huo jivu halikutosha. Naisiae alimwambia mama mkwe wake hivyo, basi, neno la kawaida kabisa. Nasieku akaingia ghalani, akatoka na kopo jeusi.

"Mama, hapana," alisema Naisiae.

"Kwani hiki ni nini?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza, ni nini? Si wamesema ni jivu? Kama ni jivu, lifanye kazi ya jivu."

Uso wake ulikuwa umekauka kwa uchungu, na Naisiae alimwogopa. Angeweza kukataa. Alinyoosha ungo. Jivu lilipodondoka alishangaa, kwa sababu halikuwa laini wala halikupeperuka na upepo. Lilikuwa jeupe, zito, lenye chenga kama unga uliosagwa vibaya. Mwisho kikaanguka kigae kidogo cha mviringo, kimechorwa namba. Nice alikiokota, akauliza kama anaweza kukichezea, akaondoka nacho.

Basi ndiyo hayo maharage yaliyokataa kuiva.

Siku iliyofuata, jua la mchana likiwa kichwani, Naisiae alisikia kitu ghalani. Maharage yalikuwa yakijisogeza ndani ya pipa, taratibu, kama mtu anayepapasa chini kutafuta kitu kilichomponyoka. Alifungua mlango, kukawa kimya. Akaufunga, yakaanza tena. Kesho yake zikaja hatua. Zilizunguka ghala kwa nje, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa, unakanyaga, unaburuzwa, na vumbi lililokuwa limetulia pale nje halikuonyesha alama ya mtu yeyote. Ng'ombe walikataa kupita lango la zizi mpaka wapigwe.

Kisha Nice akaanza kuwaka. Hilo ndilo neno. Mama yake alimshika mkono asubuhi akauachia kama aliyeshika sufuria. Alimfunga kwenye kitenge kilicholowa maji, akambeba mpaka zahanati, na kitenge kilifika kimekauka. Mhudumu alipima malaria, akapima taifodi, akaweka kipimajoto kwapani, akakitazama, akakitikisa, akakiweka tena.

"Mama, huyu hana homa."

"Mshike, dada. Mshike tu."

Mhudumu alimgusa shingoni, akavuta mkono haraka. Akaandika panado, kwa sababu hakujua aandike nini, na hakumwangalia Naisiae tena.

Walipofika nyumbani mtoto hakulia wala kulalamika, na afadhali angelia, maana mama anajua la kufanya na mtoto anayelia. Alikwenda moja kwa moja ghalani na kile kigae amekikumbatia kifuani, akafunua pipa, akazamisha mkono ndani ya maharage mpaka begani, akapapasa, akapapasa, shavu lake limelala juu ya punje, macho wazi hayapepesi, na kutoka katika meno yake, ambayo yalikuwa na chenga nyeupe ambazo Naisiae alikuwa amezisafisha asubuhi hiyo hiyo kwa kidole chake mwenyewe, ikatoka sauti nzito ya mtu mzima iliyochoka na safari.

"Bado. Sijatosha. Bado."

Naisiae alimng'oa pale, akaanguka naye chini, akapiga kelele. Nasieku alikuja mbio, akasimama mlangoni. Aliijua ile sauti. Lakini alichosema ni, "Mwite mchungaji."

Mchungaji Thomasi aliomba vizuri, tusimwonee. Aliomba mpaka jasho likamtoka. Alipoweka mkono kwenye kichwa cha mtoto aliutoa una malengelenge, akasema atarudi na wazee wa kanisa, na alipotembea kuelekea pikipiki yake hakugeuka nyuma.

Lesian akaja kutoka Elerai na mtu aitwaye Lerionka, mganga wa Daraja Mbili, mnene, mwenye koti la bodaboda na njaa isiyo na haya. Kabla ya salamu kuisha aliulizia chakula. Naisiae hakuwa na akili ya kupika, alimwekea kilichokuwepo, maharage yale yale. Lerionka alitia kijiko kimoja mdomoni, akaacha kutafuna. Alitema kwenye kiganja chake, akakitazama muda mrefu, na unene wake wote ukaonekana kumlegea.

"Mmechanganya nini humu?"

Naisiae na Nasieku walitazamana.

"Nauliza tena, akina mama. Mtoto anakufa, nami nataka kuondoka hapa kabla jua halijazama. Mmechanganya nini?"

Naisiae akasema yote. Lesian, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu maharage, alikaa chini akashika kichwa.

"Kaka yangu, mama? Tumemla kaka yangu?"

"Ni mbao," alisema Nasieku kwa sauti ndogo. "Walisema ni mbao tu. Walisema ni wengi."

Lesian alipiga simu Ujerumani, akaweka sauti ya nje. Evaresta alipoelewa anachoulizwa alizungumza polepole kama anavyozungumza na wagonjwa.

"Mama, shikamoo. Nisikilize. Moto unamaliza mbao, unamaliza na nyama. Kinachobaki ni mifupa, na wanaisaga. Ndiyo uliyoletewa. Ni mifupa ya Yoeli, mama, si jivu la kuni. Na alichomwa peke yake. Kila anayeingia anawekewa kigae cha udongo chenye namba yake, kinaingia naye motoni na kinatoka naye, wasikosee. Hamkukiona?"

Wote walimtazama Nice. Alikuwa amekaa kwenye kona, ngumi yake imefumbwa juu ya kigae.

"Mwenyewe ndiye aliyetaka," Evaresta aliendelea, sasa analia. "Alisema nikifa huku nichomeni, nibebeke, nirudi kwa yeyo. Mmemzika wapi, mama?"

Nasieku alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kilio chote ambacho hakukilia siku ya turubai, na Lesian akakata simu kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumjibu yule mjane.

"Kama ni jini la kutumwa, ningelirudisha kwa aliyelituma," alisema Lerionka, akifuta ulimi kwa mkono wa koti lake. "Lakini nyinyi mmemwacha mtu wazi. Jini halina nyumba. Likikuta mtu hajafunikwa linaingia, linajifunza sauti yake na mwendo wake, na baadaye hata mama yake hawezi kuwatenganisha. Mkusanyeni mzima. Mzikeni kwa jina lake."

Wakamwaga pipa. Waliosha maharage punje kwa punje kwenye beseni, wakachuja maji kwa khanga, wakakwangua ungo, wakakung'uta gunia, wakafagia sakafu ya ghala kwa mikono. Nasieku alipiga magoti kwenye tope lile jeupe akilikusanya kwa vidole, akisema, "Nisamehe, nisamehe, baba yangu, sikujua ni wewe." Naisiae alichuja na kukwangua. Kila mara alimtazama mtoto wake, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka, na kila mara alijiuliza swali moja, mpaka likamtoka.

"Na alichokula mtoto?"

Lerionka alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nakuuliza wewe. Alichokula mtoto tunakikusanyaje?"

"Tuzike kwanza, mama Nice," alisema, na hakumtazama.

Walimzika jua likiwa linashuka nyuma ya mlima, mahali pale pale palipochimbwa mara ya kwanza. Nasieku ndiye aliyemwita. "Yoeli!" alisema kwa nguvu, jina ambalo boma lilikuwa limelisubiri muda wote huo. "Yoeli wangu, ingia ndani." Nice, aliyekuwa mikononi mwa baba yake, amefungwa kwenye kitenge kilicholowa maji, alifumbua ngumi. Kigae kikaanguka kaburini, na pale pale joto likamtoka, likaisha kabisa, akawa mtoto wa kawaida mwenye ngozi ya baridi, amelala usingizi. Naisiae alimnyakua, akambusu kichwa, mikono, nyayo, akacheka na kulia pamoja. Lesian alimkaribisha Lerionka chai. Yule mtu aliyeulizia chakula kabla ya salamu akakataa hata chai. Aliwasha pikipiki yake akaondoka.

Asubuhi Naisiae alikuwa akichochea moto, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Alisikia hatua zikitoka chumbani. Mguu mmoja ulikanyaga. Mwingine uliburuzwa.

Nice alisimama kwenye mlango wa jiko, ameegemea mwimo, uzito wote ameupeleka mguu wa kulia. Alitabasamu kwa adabu.

"Shemeji, kuna chai?"

Naisiae aliacha moto, akachuchumaa mbele yake.

"Nice," alisema. "Nice, mwanangu. Niite mama."

Mtoto alimtazama kama mtu anavyomtazama mke wa ndugu yake, kwa heshima, macho hayakai sana usoni. Nasieku alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na kibuyu cha maziwa. Mtoto akageuka, uso ukafunguka wote.

"Yeyo. Nimefika."

Nasieku alikiweka kibuyu chini taratibu. Akapiga magoti, akanyoosha mikono, na yule akachechemea mpaka kifuani pake.

"Mama, mwachie!" Naisiae alinong'ona. "Lerionka alisema linajifunza mwendo wake. Siye, mama. Hilo si Yoeli. Tumrudishe yule mganga, nakuomba, huyo ni mwanangu."

"Nilimfukuza mara moja," alisema Nasieku, macho amefumba. "Simfukuzi tena."

"Na Nice yuko wapi?"

Nasieku alizidi kumkumbatia yule. Lakini Naisiae alijibiwa. Ile harufu ya kuungua ilirudi, hafifu, inakuja na upepo kutoka upande wa zizi ambako ng'ombe walikuwa wamejibana wote kona moja, wamelipa kisogo kaburi jipya, na ndani ya kaburi lile, chini ya udongo ambao watu wa boma waliushindilia jana kwa miguu yao wenyewe, kitu kilikuwa kinagonga, kidogo kidogo, kama kigae kinachogongwa kwenye kopo la bati, na kati ya mgongo mmoja na mwingine sauti nyembamba ikaita, "Mama. Mama, huku kunachoma."

Naisiae alishika jembe la jana lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaruka kuelekea mlango wa nyuma.

Nyuma yake yule mtoto alizungumza na bibi yake, bila haraka, kwa ile sauti nzito.

"Yeyo, mzuie."

Na Nasieku, ambaye hakuwa na nguvu za kumkatalia mwanawe kitu siku hiyo, alifika mlangoni kabla yake na kuteremsha komeo.